Osileta Niliyomtengenezea Zaina

Rumonge, Alhamisi. Mvua imeanza adhuhuri na mpaka sasa haijaacha.

Leo nilikusudia kuandika habari za kelele za transista, kama nilivyowaahidi wale wachache mnaonifuata hapa kwa sababu mnapenda saketi kuliko siasa. Haitawezekana. Nimekaa kibarazani tangu chakula cha mchana, simu mkononi, na kila nikianza sentensi kuhusu volti naifuta.

Mdogo wangu Zaina ameniambia jambo leo. Amekaa nalo zaidi ya miaka hamsini.

Nilimkasirikia kidogo. Sasa hasira imekwisha, imebaki kitu kingine ambacho sijakipatia jina. Ndiyo maana naandika. Wengine mkichoka, mniache hapa njiani, sitawalaumu.

Zaina amekuja kunitembelea kutoka Kigoma, anakoishi na kushona nguo mpaka leo ingawa macho yamechoka. Mchana huu jirani yangu Mama Keza alikuja na binti yake mdogo, ambaye akiitwa mara anageuka, mara hageuki. Mama Keza aliambiwa mtoto ana kiburi. Akasikia kwamba Zaina naye hasikii vizuri tangu utoto, akataka kumwona kwa macho yake mtu aliyekua hivyo, akaolewa, akazeeka. Zaina akambeba yule mtoto mapajani. Mimi nikamsimulia Mama Keza hadithi yetu, ile ninayoisimulia kila nikipata msikilizaji: osileta, askari, filimbi. Alipoondoka alikuwa anafuta machozi. Mimi, niseme ukweli, nilikuwa najisikia vizuri.

Hapo ndipo Zaina aliponigusa mkono, akasema, "Kaka, haikuwa hivyo."

Lakini lazima nianze mbali.

Mwaka wa Uhuru, 1962, mimi nilikuwa kijana, najifunza ufundi wa redio Usumbura, kabla mji haujabadilishwa jina. Mguu wangu wa kushoto ulikonda nilipokuwa mdogo, kwa hiyo Baba, ambaye alikuwa seremala, aliona siwezi kazi ya kubeba mbao. Akanitafutia kazi ya kukaa. Miezi ile kila mtu aliyekuwa na redio aliileta itengenezwe, kwa sababu hakuna aliyetaka siku yenyewe imkute na redio bubu. Tulilehemu mpaka vidole vikaungua. Nikaomba ruhusa, nikarudi Rumonge ili siku ile niwe nyumbani.

Zaina alikuwa ametoka kuugua. Homa kali, shingo imekakamaa, sindano nyingi. Wazee walikuwa wameshaanza kuzungumza kwa sauti ya chini mlangoni. Halafu akapona, na sisi tukashukuru, wala hatukuuliza homa imeondoka na nini.

Siku ya Uhuru Baba alimbeba mabegani mpaka uwanjani. Ngoma zilipopigwa Zaina alicheka kwa nguvu, akawa anapiga kichwa cha Baba kwa mikono yake miwili. Mama akasema, "Mutoto wangu amerudi." Kwa ajili ya kicheko kile, miaka iliyofuata hakuna aliyefikiria masikio.

Maana ngoma alizisikia. Mlango ukibamizwa alisikia. Baba akimwita alikuja.

Mama akimwita, hakuja.

Baba alikuwa na sauti nene sana, sauti ya mtu aliyezoea kusema juu ya msumeno. Mama alikuwa na sauti nyembamba, tamu, na akikasirika ilipanda zaidi. Mama aliuza mawese sokoni, akirudi jioni amechoka, anamwita binti yake wa pekee amletee maji, na binti amempa mgongo. Kisha Baba anasema neno moja na mtoto anasimama. Hebu fikiria miaka ya namna hiyo. Mwanzo Mama alimchapa. Baadaye akaacha kumchapa, na hilo lilikuwa baya zaidi. Siku moja alimwambia shangazi yetu, nami nipo, "Huyu hanipendi. Tangu ile homa ameamua iko na baba tu." Alisema kwa utulivu, kama anayesema kisima kimekauka.

Shuleni Zaina alikaa kipindi kifupi. Mwalimu alisema ni mjinga. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yameanza kupoteza herufi: hakusema *sukari*, alisema *ukari*.

Mimi nilirudi Rumonge kabisa miaka kadhaa baada ya Uhuru, nikafungua kibanda cha redio karibu na soko. Mtu wa kwanza kutamka neno *masikio* alikuwa Mama Salome, muuguzi wa zahanati, Mkristo aliyevuka kutoka upande wa Uvira na mume wake mvuvi. Alileta redio yake nitengeneze, akamwona Zaina amekaa pembeni anapanga skrubu zangu. Akasema jina lake kwa nyuma, polepole. Zaina hakugeuka. Akapiga meza kwa ngumi. Zaina akageuka.

"Fundi," akaniambia, "huyu mutoto anasikia nusu. Nilionaka wengine kama huyu kule kwetu, kisha ya homa ya kichwa. Iko sauti zinaingia na iko sauti hazifike. Lakini mimi siwezi kuonyesha mama yenu kwa ngumi ya meza. Atasema ni bahati tu."

Aliniambia kwamba katika hospitali kubwa ipo mashine inayotoa mlio mmoja mmoja, mnene mpaka mwembamba, na mtoto anainua mkono akisikia. Alikuwa ameiona ikitumika. Kwetu haikuwapo. Akaniuliza kama mlio ni kitu ninachoweza kutengeneza.

Nikacheka. Mlio! Kila redio ina mlio ndani yake. Saketi yoyote ukiirudishia sehemu ya sauti yake yenyewe, kwa kipimo sawasawa, inaanza kujiimbia. Hiyo ndiyo osileta. Nilimwambia nitaileta Jumamosi.

Na niliileta. Transista kutoka kwenye redio zilizokufa, kapasita, swichi, kitufe cha kupandisha na kushusha mlio, kingine cha kuongeza na kupunguza sauti, na kaske ya kuvaa masikioni niliyokuja nayo kutoka mjini. Tulijifungia katika stoo ya mablanketi ya zahanati, saa ile ya mchana ambayo wavuvi wamelala na ndagala, dagaa wetu, zimeachiwa jua. Mama alikuja pia. Alikaa kwenye mfuko wa unga, mikono amefunga, hakutaka kutumaini.

Nilibonyeza swichi. Zaina akainua mkono. Nikapandisha mlio, nikabonyeza. Akainua mkono. Nikapandisha mpaka mwisho, ule mlio mwembamba unaochoma meno. Akainua mkono, anatabasamu.

Mama alisimama. "Si munaona? Anasikia yote!" Uso wake haukuwa na furaha. Ulikuwa uso wa mtu aliyethibitishiwa alichokuwa anaogopa.

Mama Salome alitazama mkono wangu kwenye swichi. Alinisogelea, akaweka kidole chake kwenye kitufe cha sauti na kukizungusha mpaka sifuri. Akanipa ishara nibonyeze.

Nikabonyeza. Hakuna mlio wowote. Zaina akainua mkono.

Basi tulikuwa hatujapima chochote. Swichi yangu ilipofunga ilipiga *tik* ndani ya kaske, na chini ya kila mlio kulikuwa na mvumo ambao mimi sikuujali kwa sababu fundi wa redio anaishi ndani ya mvumo. Zaina alikuwa anaitikia ile *tik*. Mama Salome alimweleza Mama kwamba mashine haijawa tayari. Mama akajifunga kitenge chake, akasema, "Muache mutoto wangu," akatoka.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi hii. Yote niliyowahi kuandika kwenye blogu hii, kuhusu utulivu wa saketi, yalianzia pale kwenye mfuko wa unga uliobaki na alama ya mtu aliyenyanyuka kwa uchungu.

Nieleze kidogo, kwa wale mnaopenda. Mlio wa kupimia masikio lazima uwe peke yake. Mlio mnene ukiwa mchafu hubeba ndani yake milio myembamba, na mtoto akiinua mkono huwezi kujua ameitikia upi. Ukiilazimisha osileta iimbe kwa nguvu, kilele cha mlio kinakatika na huo uchafu unazaliwa. Dawa niliyoipata ni taa ndogo sana, ile ya kuangazia namba kwenye uso wa redio. Niliiweka katika njia inayorudisha sauti. Mlio ukizidi, waya wa taa unapata joto na kuubana. Ukififia, waya unapoa na kuuachia. Saketi ikawa inaimba kwa kiasi, bila kujitutumua.

Kisha mvumo. Transista zile za zamani zilikuwa na kelele kama mvua ya mbali, na mbili za jina moja hazikuwa na kelele sawa. Nilizisikiliza moja baada ya nyingine, kaske masikioni, mpaka nikapata zilizonyamaza kuliko nyingine, na hizo nikazipa umeme kidogo tu. Nikatumia betri. Saketi yote nikaifungia ndani ya kopo la maziwa ya unga, waya za kopo na za betri zikakutana mahali pamoja tu. Swichi nikaitupa. Badala yake nikaweka kitufe cha kuzungusha, ili mlio uingie taratibu na kutoka taratibu, usiwe na mlango wa kubamiza.

Ili nijue mlio upi ni upi, Mama Salome alinipeleka kanisani kwao. Yeye alikanyaga kinanda, mimi nikalinganisha noti kwa noti, Mwislamu peke yangu katikati ya mabenchi. Mchungaji alipita, akatutazama, akaondoka.

Kumrudisha Mama stoo ilikuwa kazi kuliko osileta. Baba ndiye aliyemleta. Hakumwambia kitu kikubwa, alisema tu, "Twende, mke wangu. Tukikosa, tumekosa pamoja."

Safari hii nilianza na sifuri, mara nyingi, kitufe kikizunguka bure. Mkono wa Zaina ulibaki gotini. Mama Salome akatikisa kichwa: endelea. Noti nene, polepole. Mkono ukapanda. Ya juu yake, ukapanda. Ya juu yake, ukapanda kwa kusitasita. Nikaenda juu zaidi, nikaongeza sauti. Zaina ananitazama, anangoja. Nikaongeza mpaka mimi mwenyewe nikausikia ule mlio ukitoka kwenye kaske kichwani mwake, na Mama akausikia kutoka alipokaa.

Mkono ulikuwa gotini. Vidole vilikuwa vinacheza na uzi wa gauni.

Mama akauliza, "Huu hausikie? Huu unalia hivi?"

"Hausikie, mama," akasema Mama Salome. "Na sauti yako, maneno yako mingi, inakaa huku juu. Ya baba iko huku chini. Hakuchaguaka mutu. Yenye inafika, anaifuata."

Sijawahi kuona mtu akipokea habari mbaya namna ile. Mama alikwenda akapiga magoti mbele ya Zaina, akamvua kaske, akamshika uso. Akasema, na si kwetu, "Kumbe hakunikataa."

Alirudia mara nyingi. *Kumbe hakunikataa.* Baba alikuwa amegeukia mablanketi.

Tangu siku ile Mama hakumwita Zaina kwa nyuma tena. Alikuwa anazunguka nyumba nzima ili asimame mbele yake. Zaina akajifunza kusoma midomo kwa kasi iliyotushtua, maana sasa kila mtu alimpa uso. Mama Salome akaenda kwa mwalimu mwingine, akaomba mtoto akae mbele. Herufi zilizopotea hazikurudi zote, ila mtoto alirudi. Walikuwa wanacheka jikoni, yeye na Mama, mpaka Baba anauliza, "Mnanicheka mimi?"

Hiyo ndiyo miaka tuliyopewa. Haikuwa mingi.

Mwisho wa Aprili 1972 mambo yaliharibika hapa kwetu kando ya ziwa. Kwanza walikuja watu wenye mapanga, wakaua. Halafu wakaja askari, na hao hawakumaliza upesi. Sitaandika yote. Wengine wameandika, na wengine hawataki kusoma. Nitaandika yaliyoingia nyumbani kwetu tu.

Baba alikwenda kufunga karakana yake. Alichukuliwa na askari njiani pamoja na wanaume wengine wa mtaa wetu. Aliyeona alituambia kwamba waliambiwa ni maswali machache. Baba alikuwa ameshika randa, akampa mwenzake mmoja mzee aliyeachwa, amletee Mama. Yule mzee alileta randa.

Tulingoja. Kisha malori yakaanza kupita mchana kweupe, na Mama akasema tunaondoka. Alisema akibaki atangojea mlangoni mpaka watuchukue na sisi. Tukashika njia ya kusini, kuelekea Tanganyika, kama tulivyokuwa tukiiita bado. Mama na furushi, mimi na fimbo yangu na mguu wangu, Zaina na ndoo yenye vyombo. Mama alikuwa ameweka sharti kwamba Zaina asitembee mbele yetu.

Lakini mimi nilikuwa mzito. Tulipofika penye michikichi mingi, nilisimama kupumzisha mguu na Mama akainama kunifunga kitambaa. Zaina, aliyekuwa kando yetu anatazama njia, hakujua kama tumesimama, akaendelea.

"Hagarara!"

Sauti ilitoka kwenye michikichi, kali, nyembamba, sauti ya kijana. Ni Kirundi: simama. Mimi na Mama tukaganda. Zaina akaenda.

"Hagarara!" tena. Nikasikia bunduki ikikokiwa. Mama alipiga kelele, na kelele za Mama ndizo zisizomfikia kabisa. Kwa nini hakupigwa risasi pale pale, mpaka leo nilikuwa nasema ni Mungu. Askari mmoja kijana alitoka mbio, akamfikia, akamvuta kwa mkono hadi ndoo ikaanguka.

Walitupeleka wote watatu penye lori. Mkubwa wao alikuwa amekaa kwenye kreti, ametulia. Aliuliza kwa nini msichana anakimbia.

Mama akasema, "Shefu, hakimbii. Huyu mutoto hasikie. Ni kiziwi."

Yule mkubwa alichukua kipande cha mti, akapiga ubavu wa lori kwa nguvu. *Ndu!* Zaina akageuka.

"Anasikia," akasema. Hakupandisha sauti. "Munanidanganya. Mutu asiye na kitu cha kuficha hadanganye." Akamwambia yule kijana atupeleke nyuma ya michikichi.

Sijui nilipata wapi ulimi. Nilikuwa nimeketishwa chini, nikasema, "Shefu, kile cha lori ni sauti nene. Nene anasikia. Nyembamba hasikii hata moja. Nimempima mwenyewe, mimi ni fundi wa redio. Mpigie filimbi. Sikioni kabisa. Akisikia, ufanye unavyotaka."

Yule askari kijana alikuwa na filimbi shingoni.

Mkubwa alinitazama muda. Nadhani alikuwa amechoka, na jambo jipya lilimpendeza. Akasema Zaina ageuzwe atazame ziwa, ili asione. Tukabaki nyuma yake sote: mkubwa kwenye kreti, Mama, mimi. Kijana akasimama ubavuni kwake, akaweka filimbi karibu na sikio.

Akapuliza. Mama aliziba masikio. Ndege waliruka kutoka kwenye michikichi. Mimi niliuona mgongo wa Zaina na gauni lake la maua, na mgongo ule haukutikisika.

Mkubwa akauliza, "Yumvise?" Amesikia?

Kijana akajibu, "Oya. Ntiyumva." Hapana. Hasikii.

Mkubwa akatikisa mkono kama anayefukuza kuku. Tukaokota vyombo. Tukaenda. Hatukuangalia nyuma mpaka michikichi ikaisha.

Hivyo ndivyo ninavyoisimulia. Tulipofika Kigoma, Mama alimweleza kila mtu: mwanangu alitengeneza mashine, mashine ikatuokoa. Alinisifu kwa majirani, kwa wateja wangu wa redio, na siku zake za mwisho alimsimulia daktari. Mimi nilikaa nayo hadithi hiyo, hata niliporudi Rumonge uzeeni, kama mtu anavyokaa na koti zuri. Baba hakurudi, hakuna kaburi, lakini angalau kuna kitu nilichokifanya kwa mikono yangu na sisi watatu tukaishi.

Leo, Mama Keza alipoondoka, Zaina akasema, "Kaka, haikuwa hivyo. Mimi nilishtuka."

Nikamwambia hawezi kuwa alisikia ile filimbi.

"Sikusikia," akasema. "Lakini alipopuliza, pumzi yake iliniingia shingoni. Na mate. Sikujua atafanya nini. Nilidhani ni bunduki imenigusa. Nikaruka."

"Nilikuwa nyuma yako. Hukuruka."

"Hukuniona. Yeye alikuwa ananiangalia usoni, akaona nataka kuruka, akasogea. Alisimama hivi." Zaina aliinuka, umri huu, magoti haya, akanionyesha: askari anapiga hatua moja, anaweka bega lake kati ya msichana na kreti. "Ulichoona ni kipande cha mgongo wangu, na mgongo wake. Bega langu lilipanda mpaka hapa. Yeye aliliona. Alitazama macho yangu, akatikisa kichwa kidogo sana. Halafu akageuka, akawaambia ninyi neno lile. Nililisoma mdomoni, kwa pembe ya jicho."

Nikamshika mkono, akakaa. Mvua ilikuwa inapiga bati na nikafikiri, Zaina huenda anaisikia mvua hii, ni nene.

Ukweli ni kwamba yule kijana hakujua habari za pumzi. Kwake yeye, msichana aliruka filimbi ilipolia, kwa hiyo alisikia, kwa hiyo sisi wote ni waongo, na amri ya mkubwa wake ilikuwa wazi. Aliamini kwamba tunadanganya. Akatusaidia kudanganya.

Nilimuuliza Zaina kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Hapo ndipo hasira iliponipata.

Akanijibu polepole, kwa ile sauti yake isiyo na kingo. "Mama alikuwa anafurahi akikusifu. Hakuwa na kitu kingine cha kufurahia. Na wewe ulikuwa unamlilia Baba kila siku. Ningekunyang'anya nini tena?"

"Na leo?"

"Leo ulimwambia yule mama kwamba mashine inaokoa. Atakwenda kutafuta mashine. Ni vizuri, aende. Lakini nilitaka mtu mmoja ajue habari za yule askari. Mimi nimezeeka. Nikifa, hakuna anayemjua."

Nikamuuliza alikuwaje, sura yake. Sikuwahi kumtazama, nilikuwa natazama filimbi.

"Mdogo. Pengine tunalingana. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu."

Sasa ni jioni. Zaina amelala kidogo. Nimejaribu kuwa na uchungu juu ya osileta yangu na nimeshindwa. Ilifanya kazi yake pale stoo, ilimrudishia Mama binti yake kwa miaka ile michache, na kwa ajili hiyo peke yake ningeijenga tena. Kwenye lori ilinipa maneno ya kusema, na maneno yakampa yule kijana nafasi ya kusimama alipotaka kusimama. Zaidi ya hapo siwezi kuidai.

Lakini yeye. Alivaa nguo zile zile walizovaa waliomchukua Baba. Inawezekana alikuwa kwenye lori lile lile. Inawezekana siku iliyotangulia alitii kila alichoambiwa, na siku iliyofuata pia, na sisi tulikuwa hatua moja tu aliyoweza kuipiga. Inawezekana mkubwa wake aligundua. Sijui kama alizeeka.

Kesho ni Ijumaa. Kila Ijumaa namwombea Baba kwa jina lake, kisha Mama kwa jina lake. Kesho nitamwongeza mtu wa tatu ambaye jina lake silijui, na nitamtaja baada ya Baba.

Nimejiuliza jioni yote kama Baba angekubali kuwekwa karibu naye. Nimemuuliza Zaina alipoamka.

Amesema, "Mtangulize yule kijana. Baba atangoja."